Chakula cha Mababu na Uso wa Sethunya

"Mtoto wa Sethunya uso unakua, mwili haukui."

Maneno hayo Mma-Sethunya, mama mzazi wa Sethunya, aliyaokota bombani, kinywani mwa jirani yake Mma-Phenyo, mwanamke ambaye akikohoa yeye, kijiji kizima cha Lentswaneng kinashikwa mafua. Aliyatupa njiani, yakamfuata. Alifunga mlango, yakapita dirishani. Alipompakata mjukuu wake, yakakaa naye mapajani.

Uso unakua, mwili haukui.

Msomaji, lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani linakuja. Ni umbea huo uliomsukuma mama wa watu, ndani ya majuma mawili, akatenda mambo mawili ya siri. La kwanza, alimtilia binti yake unga wa mtama kwenye mchuzi, na binti alikwisha kuapa kwamba hagusi nafaka. La pili, aliumwaga ule udongo wa kujipaka alioletewa binti yake na mwalimu Ontlametse, akajaza kopo udongo mwekundu wa kawaida aliouchimba mwenyewe mlimani.

La kwanza limefichuka. La pili bado.

Lile la kwanza lilifichuka Sethunya akiwa ameketi mkekani, mtoto begani, bakuli magotini. Uso wake, ambao miezi kadhaa ulikuwa laini kama kikombe cha udongo kilichopigwa msasa, leo umeiva mwekundu, kipele juu ya kipele. Alichota mchuzi kwa kijiko, akautazama ukidondoka polepole, mzito.

"Mama, umenitilia nini humu?"

"Nyama."

"Nyama haigandi kijikoni."

"Na mboga."

"Mama!"

"Unga kidogo. Wa mtama. Ule ule uliokulea."

Bakuli likatua chini kwa kishindo, mchuzi ukaruka hadi ukutani.

"Ndiyo maana! Ndiyo maana uso umerudi! Miezi yote hii nimefunga kinywa. Bogobe, ugali wetu wa mtama, sili, maziwa ya mgando sinywi, maharage nayapita, sukari naiona kwa macho tu. Uso ukapona. Halafu mama yangu mzazi ananitilia sumu!"

"Ugali wa mtama umekuwa sumu leo? Si ndio uliokurefusha mpaka unanitazama kutoka juu?"

"Ndio ulionifanya niitwe Kokoto shuleni! Au umesahau? Wewe uliniambia chunusi zitaisha nikivunja ungo. Hazikuisha. Zitaisha ukichumbiwa. Nikachumbiwa nazo. Zitaisha ukibeba mimba. Nikabeba, zikaita na wenzao. Nani aliyeziondoa, mama? Wewe?"

Mma-Sethunya aliliinua bakuli. Hapo binti yake alisema kweli, na kweli ikisemwa na mtoto wako inauma mara mbili.

Aliyeziondoa, kila mtu alijua, ni Ontlametse. Mwanamke huyu alirudi kutoka Gaborone kichwa kimenyolewa, shingoni shanga za maganda ya yai la mbuni, akawakusanya wanawake akawaambia jembe ndilo lililoharibu ngozi ya binadamu. Kuleni walivyokula waliotutangulia kabla ya shamba na zizi, aliwaambia. Nyama, mayai, mboga za mwituni, mizizi, matunda ya porini. Nafaka acheni, maziwa acheni, maharage acheni. Mjini wanauita mlo huo paleo. Yeye aliuita Chakula cha Mababu, na kila aliyejiunga alipewa kopo la udongo mwekundu wa kujipaka. Letsoku, kama ule wa zamani. Basi nani angeukataa?

"Hodi humu!"

Hakungoja kukaribishwa. Aliingia kwanza shangazi Boikhutso, dada yake marehemu baba wa Sethunya, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuswagia ng'ombe. Nyuma yake akaja Ontlametse, akainua sketi kidogo, akaruka gogo.

Gogo hilo, msomaji, halikuwekwa pale kwa ajili ya kuni. Sethunya alikuwa kwenye botsetsi, yaani ndani na mwanawe tangu alipojifungua, na gogo lililolazwa njiani humwambia kila mpita njia: ishia hapo, kuna mtoto mchanga, usituletee joto la miguu yako. Wanaoruhusiwa kulivuka ni bibi wa mtoto na shangazi. Ontlametse alikuwa analivuka kwa kibali cha shangazi. Kibali hicho kilimkaa Mma-Sethunya kooni kama mwiba wa samaki.

Ontlametse aliinama, akachovya kidole kwenye mchuzi uliomwagika, akauonja.

"Nafaka," alisema.

"Nafaka!" shangazi akadakia, kana kwamba kataja nyoka.

"Nilisema nini mimi? Nilisema ikiingia hata chembe, ngozi italia. Haya, tazameni. Inalia."

"Wifi," shangazi Boikhutso alimgeukia Mma-Sethunya, mikono kiunoni, "huyu ni mtoto wa kaka yangu. Nimemkabidhi mwalimu, wewe unaharibu kwa mlango wa nyuma. Kijiko chako hakina adabu."

"Kijiko changu kimemlea huyo mtoto tangu kaka yako yuko migodini."

"Usimtaje kaka yangu!"

"Nimtaje nani? Wewe ulikuwa wapi?"

"Mama, basi!" Sethunya alilia. "Kiri kosa. Umekosa!"

Mma-Sethunya alifungua kinywa akiri. Sio unga. Alitaka kukiri udongo. Maana tangu asubuhi jambo moja lilikuwa linamkereketa: unga alianza kuutia wiki mbili nyuma, kijiko kwa kijiko, na uso wa binti yake ukabaki laini vilevile. Udongo aliubadilisha Jumapili. Na vipele vimeanza Jumatatu.

Lakini akisema amegusa kopo, atafukuzwa humu ndani leo leo. Nani basi atamwangalia mjukuu?

Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine wewe mwenyewe ndiye unayekifua na kukianika.

"Kuanzia sasa," shangazi akatamka, "wewe huvuki gogo tena. Ontlametse atapika. Ontlametse atamwogesha mtoto. Siku ya kumtoa nje utakuja kama wageni wengine, utapewa kiti."

"Kiti?" Mma-Sethunya alicheka kicheko kisicho na mate. "Kwenye nyumba niliyoikandika kwa mikono yangu nitapewa kiti?"

"Ukitaka na mkeka utapewa."

Ndipo mtoto akatapika.

Si kucheua kule kwa kila mtoto. Alitapika yote aliyonyonya, kisha kichwa kikalala begani mwa mama yake, mkono ukaning'inia. Sethunya alimgeuza. Yale mashavu ambayo kijiji kizima kiliyasifu, mviringo kama chungu kipya, yalikuwa yamepauka.

"Lefika? Lefika, baba? Mama, mbona hashiki kidole?"

"Ni mtama," Ontlametse alisema upesi. "Umeingia kwenye maziwa. Utatoka. Mpake udongo tumboni, umpashe joto."

Mma-Sethunya hakumsikia. Alimgusa mjukuu wake shingoni. Baridi, na jua la Oktoba nje linapasua mawe.

"Nampeleka hospitali."

"Humpeleki popote," shangazi alisema. "Mtoto wa botsetsi hatoki kabla hajatolewa. Uchafu wa njia utammaliza."

"Atamalizika humu humu kwa usafi wenu?"

"Wifi, ukimvusha mtoto huyo gogo, mimi sikujui. Ukoo wetu haukujui. Ukifa hatutakuja."

"Nikifa sitakuwa na njaa ya wageni. Pisha."

Shangazi alisimama mlangoni, akaujaza. Ontlametse akasimama nyuma yake. Mama wa watu, kibonge, goti moja bovu, alimpokea mtoto mikononi akawakabili wote wawili.

"Nawaheshimu mababu," alisema. "Na mimi nina wangu. Lakini sijasikia babu hata mmoja aliyekataza mtoto aliyelegea asipelekwe kwa daktari. Kama yupo, aje mwenyewe anizuie. Nyie pisheni."

Hakuna aliyesogea.

Hapo ndipo Sethunya, huyu huyu aliyekuwa anamlilia mama yake akiri kosa, aliponyanyuka mkekani. Hajatoka nje ya mlango huo tangu azae. Alijifunga khanga kifuani, akaja akasimama bega kwa bega na mama yake, vipele vyote nje, hakujifunika.

"Shangazi, habari ya uso wangu nitagombana na mama kesho. Leo mpishe."

"We Sethunya! Ukitoka na uso huo watu watakuonaje?"

"Watauona. Una macho gani wewe, huyu mtoto humwoni?"

Akampitia shangazi yake ubavuni kwa kiwiko. Nje, Mma-Sethunya hakuruka gogo. Goti lingemsaliti na mtoto yuko mikononi. Alilipiga teke. Likabingirika hadi kwenye ua wa jirani, kuku wakatawanyika.

Na nani alikuwa uani kwake, ndoo kichwani, mdomo wazi? Mma-Phenyo.

"Mama yangu wee! Limeondoka gogo!"

"Limeondoka," Mma-Sethunya alimjibu bila kusimama. "Kaseme na hilo."

*

Hospitali ya kijiji ina daktari mmoja, Daktari Moabi, mwanamke mwembamba asiyepoteza neno. Alimlaza mtoto, akamtoboa kisigino, akatazama damu, akamwita muuguzi, akachoma sindano, akatundika maji ya sukari, yote kabla hajauliza jina. Kisha akamvua mtoto nguo, akamgeuza.

Mgongoni kulikuwa na malaika, vinyweleo vyeusi vingi kuliko vya mtoto wa umri huo. Tumbo nene. Miguu mifupi, myembamba. Na uso ule wa duara.

"Anapakwa nini huyu?"

Sethunya alimtazama mama yake.

"Nauliza mara ya mwisho kwa upole. Anapakwa nini?"

"Udongo tu, daktari," Sethunya alisema. "Letsoku. Mimi napaka usoni. Yeye alikuwa na upele wa nepi, mwalimu akasema naye apakwe. Upele uliondoka siku ile ile. Basi nikaendelea. Kila nikimbadili nguo, kama alivyosema."

"Leo amepakwa?"

"Amepakwa. Jana pia."

Ndipo Mma-Sethunya aliposema. Sauti ilimtoka ndogo, lakini ilimtoka.

"Hajapakwa ule. Tangu Jumapili hajapakwa ule. Niliumwaga. Nikatia wa mlimani, ufanane."

Sethunya alimgeukia mama yake taratibu, kama mtu aliyeitwa kwa jina asilolijua.

"Unga, sawa. Na udongo pia?"

"Ulikuwa unanuka duka la dawa, mwanangu. Udongo wa mlimani haunuki hivyo. Nikaogopa."

Daktari aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Sikilizeni. Ninavyoona, humo ndani kuna dawa ya ngozi, kali, ile ambayo mtu mzima huandikiwa apake kidogo kwa siku chache. Kwa mtoto mchanga inapita kwenye ngozi inaingia mwilini. Inamvimbisha uso, inamzuia kurefuka. Watu wanasema mtoto kanenepa. Na mwili wake una dawa ya namna hiyo unayoitengeneza wenyewe. Ukiletewa kila siku kutoka nje, unaacha kutengeneza. Sasa mtu akiikata ghafla, mtoto anabaki hana ya nje wala ya ndani. Analegea. Anapoa."

"Kwa hiyo ni mimi," Mma-Sethunya alisema. "Ni mimi niliyemlegeza."

"Kama ungeendelea kumpaka angezidi kuharibika. Ulitakiwa uje naye hapa, na kopo mkononi. Hilo tu ndilo hukulifanya."

Mama wa watu aliinama, akashika paji la uso. Nimpe pole? Nimlaumu? Msomaji mwenye mtoto, jijibu mwenyewe. Mimi nasema hivi: alikuwa peke yake na hofu yake, na hakuna aliyemwuliza.

Kitandani, Lefika akapiga chafya. Kisha akakunja ngumi. Kisha, kwa hasira zote za ukoo wa mama yake, akalia.

Sethunya alilia pamoja naye. Alimshika mama yake kichwa, akakivuta kifuani kwake, kopo na unga akaviacha huko huko.

"Daktari," alisema akijifuta, "basi mlo wote ule ulikuwa uongo? Nimejinyima bure?"

"Si wote. Kuacha soda na maandazi ya mafuta na sukari, kuna watu ngozi yao inapata nafuu. Wengine wakipunguza maziwa pia. Lakini nafuu hiyo huja polepole, na haiji kwa kila mtu. Uso kutakata ndani ya juma moja, hapana, chakula hakina mbio hizo. Na wewe unanyonyesha. Mtu anayenyonyesha hakati vyakula vyote hivyo bila kuuliza. Lini umeshiba mara ya mwisho?"

Sethunya alifikiri. Hakukumbuka.

"Nataka kuliona hilo kopo," daktari alisema.

"Udongo wenyewe niliumwaga nyuma ya nyumba," Mma-Sethunya alisema.

"Hana haja ya kuhangaika," ilisema sauti mlangoni. "Ninalo jingine."

Alikuwa Ontlametse. Kaja kichwa juu, shanga zikigongana, shangazi Boikhutso nyuma yake akihema. Alifungua mkoba, akaliweka kopo mezani kama mtu anayetupa karata ya ushindi.

"Pima, daktari. Udongo wa mababu. Mmeshindwa na wazee wenu, sasa mnatafuta mchawi."

Daktari Moabi hakubishana. Alitia maji ya moto kwenye bakuli la chuma, akachota udongo kwa kijiti, akautia, akakoroga. Wote wakainama.

Udongo mwekundu ukazama chini, ukatulia. Juu ya maji kukabaki mafuta meupe, yakielea, yakinuka duka la dawa.

"Huu uliozama naujua," daktari alisema. "Hiki kinachoelea ni cha babu gani?"

Shangazi Boikhutso alikodoa macho bakulini, akamkodolea Ontlametse, akarudi bakulini.

"Ontlametse. Sema."

"Ni mafuta tu ya ngozi! Yanauzwa mitaani, nusu ya mji inapaka!" Kile kichwa kilichokuwa juu kikashuka kidogo. "Chakula kinafanya kazi. Naapa kinafanya kazi, mimi mwenyewe nilipona nacho. Lakini mimi nilingoja karibu mwaka. Nani kwenu hapa ananingoja mwaka? Mnakuja Jumatatu, Ijumaa mnataka uso wa malaika. Nikausaidia. Nimewasaidia!"

"Umetusaidia kumpaka mtoto mchanga?" Sethunya aliuliza.

"Kwa mtoto nilisema kidogo."

"Ulisema kila akibadilishwa nguo!"

"Na wewe," Ontlametse alimgeukia Mma-Sethunya, maana anayezama hushika aliye karibu, "unajiona umeshinda? Wewe ndiye uliyetaka kumwua kwa kukata ghafla. Nani atakusikiliza kijijini? Mwanamke wa darasa la saba, mtia unga kwenye mchuzi wa watu!"

Mma-Sethunya alinyanyuka.

"Darasa la saba nilimaliza," alisema. "Na nilifundishwa kusema nilichofanya. Mimi nimemwaga udongo, karibu mjukuu wangu anitoke mikononi, na nitalisema hilo bombani, kanisani na kwenye baraza la chifu, kwa mdomo wangu, kabla ya Mma-Phenyo hajaamka. Wewe utasema lini la kwako?"

Ontlametse alifunga mkoba wake.

"Sethunya si mjinga," mama akaendelea. "Alikula nyama na mboga kwa sababu alichoka kuitwa Kokoto. Aliyemdanganya si nyama. Ni wewe. Na uso wake, huu huu, mwekundu hivi hivi, nitatembea nao bega kwa bega mchana kweupe, na atakayecheka nitamwuliza anacheka meno gani."

"Mama, taratibu," Sethunya alisema, lakini alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilimwuma kila alipokunja shavu.

Daktari Moabi alikuwa na swali jingine.

"Makopo haya umewapa watoto wachanga wangapi?"

Ontlametse alitazama sakafu. "Kila mwenye botsetsi. Shangazi ndiye aliyenipeleka."

Wote wakageuka kumtafuta shangazi.

Hayupo.

Mlango uko wazi, pazia linacheza. Muuguzi alisema kamwona mama mmoja mpana anakimbia kwenda kijijini, viatu mkononi.

Ontlametse alikuwa bado anamtajia daktari majina ya wazazi, simu ya Sethunya ikalia. Aliipokea, na sauti ile ya kuswagia ng'ombe ikajaa chumba kizima:

"Mwambie mama yako nimekoma! Mimi ndiye niliyemvusha nyoka huyu magogo ya watu, na mimi ndiye nitakayeyasafisha! Nimepita nyumba tatu, makopo yote nimeyatumbukiza chooni! Hakuna mtoto Lentswaneng atakayepakwa tena hata tone! Nakwenda ya nne!"

"Shangazi, ngoja! Shangazi!"

Simu ikakatika.

Mma-Sethunya na daktari walitazamana. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Sethunya, kaa na mwanao. Mpigie tena, usichoke," daktari alisema. "Muuguzi, dawa, twende. Mama, unawajua kwa nyumba?"

"Mpaka rangi za milango."

"Goti lako?"

"Goti litalia jioni."

*

Walipita nyumba ya kwanza: mtoto analala, yu mzima, mama yake anashangaa. Wakamchukua, apelekwe hospitali. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu bibi mmoja aliwatishia kwa mchi, hataki mtu avuke gogo lake mara ya pili kwa siku moja. Mma-Sethunya alimwambia mchi huo utwange mtama, si mtu, na akamweleza kilichompata Lefika bila kujificha, na bibi akashusha mchi, akamtoa mjukuu. Ya nne na ya tano walifunguliwa bila ubishi.

Shangazi Boikhutso walimkuta njiani amekaa juu ya jiwe, pumzi imemwishia, makopo mawili mapajani.

"Wifi! Nimemaliza!"

"Umemaliza nini, dada? Wanatakiwa wapelekwe, si waachwe! Ukikata ghafla wanalegea, kama Lefika!"

Shangazi alijaribu kunyanyuka, akashindwa.

"Basi mmewapita wote isipokuwa Wame," alisema. "Yule binti wa nyumba ya mwisho, aliyezaa kabla ya wakati. Yeye hata sikumchukulia kopo leo, maana juzi aliniambia lilimwishia tangu wiki iliyopita. Nikamwambia haidhuru. Nikamwambia, haidhuru!"

Tangu wiki iliyopita.

Mma-Sethunya alikimbia. Mwanamke wa umri wake hakimbii, lakini alikimbia, daktari mbele yake, vumbi nyuma yao. Nyumba ya mwisho ilikuwa na gogo njiani, limelala sawasawa. Mlango wa bati umefungwa kwa ndani, dirisha limezibwa kwa blanketi.

"Wame! Fungua, ni Mma-Sethunya!"

Daktari aligonga kwa ngumi. Muuguzi akakimbia kutafuta mtu mwenye nyundo. Ndani kulisikika kitu kikiburuzwa sakafuni, kisha sauti nyembamba, yenye hofu:

"Mwalimu alinipigia simu, akasema watakuja watu. Alisema nisimfungulie mtu."

"Mtoto ananyonya, Wame?"

Binti hakujibu.

Mma-Sethunya aliweka midomo kwenye ufa wa mlango. Hakupiga kelele. Alisema polepole, kama anayemfundisha mtu kuhesabu, ili yule wa ndani asikie moja baada ya moja, na wewe unayesoma ukiwa na mtoto mapajani usikie pia:

Usimpake mtoto mchanga kitu usichojua kilichomo, hata kama kina jina la mababu.

Usiamini dawa ya uso inayofanya kazi ndani ya juma moja, na mwuzaji hataki kusema imechanganywa nini.

Usijinyime chakula wakati unanyonyesha kwa ajili ya ngozi, bila kumwuliza muuguzi.

Usisifu mashavu ya mtoto kabla hujatazama urefu wake.

Usikate ghafla mafuta uliyokwisha kuyazoea, wala usiyatupe. Chukua kopo na mtoto, nenda navyo hospitali siku hiyo hiyo.

Usimfiche mama yako unachopaka. Na wewe mama, usimfiche binti yako unachobadilisha.

Usione aibu ya uso.

Usimsubiri mtoto aamke mwenyewe akiwa amelegea na mwili una baridi.

Usikae kimya, Wame. Fungua.